Uzi: Nasaba ya Cleopatra kiungo kwa kiungo, na jinsi ya kuwachora wafalme wa kale bila kuwabunia damu

Karani wa Nasaba (mleta mada)

Wadau wa historia,

Kila ikitoka filamu au mchoro mpya wa Cleopatra, jukwaa linagawanyika. Hawa wanasema Mgiriki mtupu, wale wanasema Mwafrika mweusi aliyefichwa makusudi. Mwaka 2023 hata wizara ya utalii na mambo ya kale ya Misri iliingia uwanjani na kutoa tamko kwamba malkia huyo alikuwa na ngozi nyeupe na sura ya Kigiriki. Karibu wote wanairuka kazi yenyewe: kuupanga ukoo mtu kwa mtu, baba na mama, na kando ya kila jina kuandika nani kasema, na kasema lini.

Utaratibu ni huu. Kila mtu ana safu mbili, ya baba na ya mama, na kila safu ina alama yake. A ni ushahidi wa wakati wake mwenyewe: sarafu, jiwe la maandishi, mafunjo (hati za karatasi ya matete), hotuba. B ni mwandishi aliyekuja baadaye. C ni dhana ya wanahistoria wa leo. Pasipo na kitu unaandika X na namba, yaani X1, X2, na unaiacha hivyo hivyo.

Sasa ukoo wenyewe. Ptolemy I alikuwa jemadari wa Alexander kutoka Makedonia. Alipewa Misri mwaka 323 KK na akajiita mfalme karibu mwaka 305 KK. Mkewe Berenice I naye ni wa Makedonia. Mtoto wao Ptolemy II alizaliwa kisiwani Kos. Yeye alimwoa kwanza Arsinoe I, binti wa mfalme Lysimachus, kisha akamwoa Arsinoe II, dada yake wa baba na mama mmoja. Ptolemy III ni mtoto wa Arsinoe wa kwanza, na alimwoa Berenice II wa Kurene, mji wa Kigiriki kwenye Libya ya leo. Ptolemy IV alimwoa dada yake Arsinoe III, wakamzaa Ptolemy V. Huyu alimwoa binti wa nje, Cleopatra I, mtoto wa Antiochus III wa Shamu, karibu mwaka 193 KK.

Hapo mlango ukafungwa. Watoto wa Ptolemy V walioana wenyewe kwa wenyewe: Ptolemy VI na dada yake Cleopatra II wakamzaa Cleopatra III. Mdogo wao Ptolemy VIII akamwoa Cleopatra II, halafu akamwoa na Cleopatra III, ambaye ni mpwa wake na binti wa mke wake. Huyo wa mwisho akamzalia Ptolemy IX na Ptolemy X.

Ptolemy IX ndiye baba wa Ptolemy XII, na Ptolemy XII ndiye baba wa Cleopatra VII, huyu tunayemgombania, aliyezaliwa mwishoni mwa mwaka 70 au mwanzoni mwa 69 KK.

Ugomvi wote unakaa kwenye hatua mbili za mwisho. Mama wa Ptolemy XII ni X1. Mama wa Cleopatra VII ni X2, ingawa wengi wanamtaja Cleopatra V Tryphaena, mke wa Ptolemy XII, kwa alama C.

---

BintiMafunjo

Mkuu Karani, kabla watu hawajaenda mbali: hata alama A inahitaji uangalifu, maana ikulu nayo ilikuwa na nasaba yake rasmi.

Mfano mzuri ni Ptolemy III. Tangazo la makuhani la Canopus la mwaka 238 KK linamwita mwana wa Ptolemy na Arsinoe, Miungu Ndugu, yaani jina la ibada la Ptolemy II na dada yake Arsinoe II. Maana yake kwenye jiwe mama yake ni Arsinoe II. Lakini mama mzazi ni Arsinoe I, aliyefukuzwa. Tunalijua hilo kutokana na maelezo ya kale yaliyoandikwa pembeni ya mashairi ya Theocritus. Jiwe lile lile linamwita Berenice II dada na mke wa mfalme, wakati yule alikuwa binti wa Magas wa Kurene. Ukilisoma jiwe juu juu unapata ndoa ya kaka na dada ambayo haikuwepo.

Kwa hiyo alama A nazigawanya: A1 ni hati isiyo na sababu ya kusema uongo, mfano mkataba au barua ya kodi inayotaja jina kwa bahati. A2 ni tangazo la mfalme mwenyewe. A2 inakwambia mfalme alitaka aonekane wa nani. Hiyo nayo ni habari, lakini si ya damu.

Balaa la pili ni namba. Namba za akina Ptolemy na Cleopatra zimewekwa na wanahistoria wa siku hizi, wao wenyewe hawakuzitumia. Kuna vitabu vinavyomwita mke wa Ptolemy XII Cleopatra V, vingine VI. Kuna Cleopatra Tryphaena anayepotea kwenye hati karibu mwaka 69 KK, kisha jina hilo hilo linaibuka mwaka 57 KK likitawala pamoja na Berenice IV, binti wa Ptolemy XII. Wengine wanasema ni mama amerudi, wengine wanasema ni binti mwenye jina la mama. Ptolemy VII naye kila kitabu kina wake. Ukinakili mti kutoka vitabu viwili bila kulinganisha namba, utamwoza mtu mwanawe.

---

Fundi Takwimu

Hapo kwenye kunakili ndipo programu za kuchora ukoo zinapokwama. Mtu anamwingiza Ptolemy V mara nne kwa sababu anatokea sehemu nne, na programu inahesabu babu wanne tofauti. Kila mtu aingizwe mara moja, apewe namba yake ya kudumu, halafu mistari ndiyo imfuate.

Angalieni Ptolemy IX. Mtu wa kawaida ana nafasi 8 za wazazi wa babu na bibi zake. Kwa Ptolemy IX nafasi hizo 8 zina watu 6 tu: Ptolemy IV, Arsinoe III, Antiochus III, Laodice, kisha Ptolemy V na Cleopatra I mara mbili kila mmoja. Na hao wawili wa mwisho tayari ni babu na bibi yake wazaa baba.

Sasa hesabu ya kisichojulikana, ambayo ndiyo inayopaswa kuandikwa chini ya kila mti wa Cleopatra VII. Kwa wastani kila mzazi anatoa nusu, kila babu au bibi robo.

Hali ya kwanza: mama wa Ptolemy XII alikuwa Cleopatra IV, dada na mke wa kwanza wa Ptolemy IX. Wapo wanahistoria wanaolitetea hilo, wakisema aliitwa mtoto wa nje kwa kuwa ndoa ile ilivunjwa kwa nguvu na Cleopatra III. Mama wa Cleopatra VII akiwa binti wa ukoo huo huo, kisichojulikana ni sifuri.

Hali ya pili: X1 ni mwanamke asiyejulikana, lakini mama wa Cleopatra VII ni Cleopatra V, naye alizaliwa na wazazi wote wawili wa ukoo. Kisichojulikana ni 1/4.

Hali ya tatu: Cleopatra V alikuwa dada wa tumbo moja wa Ptolemy XII. Hapo X1 ni bibi mzaa baba na pia bibi mzaa mama. Kisichojulikana kinapanda hadi 1/2, yote kutoka kwa mwanamke mmoja.

Hali ya nne: X1 hajulikani na X2 ni mwanamke mwingine kabisa wa nje ya ukoo. Kisichojulikana ni 3/4.

Basi jibu la kweli ni kati ya 0 na 3/4. Anayesema Mgiriki asilimia mia anachagua hali ya kwanza kimyakimya. Anayesema Mwafrika anachagua ya nne, halafu anazijaza X1 na X2 mwenyewe.

---

Mwanakupekua

Mkuu Fundi, hesabu safi, lakini kisichojulikana hakina uzito sawa pande zote. Mji ni Alexandria, ikulu imejaa Wagiriki, Wayahudi, Washamu, Wamisri. Masuria wa wafalme waliotajwa majina wengi wana majina ya Kigiriki. Mmisri anayetajwa waziwazi ni Didyme, suria wa Ptolemy II, na huyo hatumwoni akiwa mama wa mfalme yeyote. Mimi naona X1 ana uwezekano mkubwa wa kuwa Mgiriki wa mjini.

---

BintiMafunjo

Dada au kaka Mwanakupekua, jina la Kigiriki kufikia wakati wa Ptolemy IX halina nguvu hiyo. Vizazi sita au saba vimepita, na mafunjo yanaonyesha watu wenye majina mawili, la Kigiriki kwa kazi ya serikali na la Kimisri nyumbani. Karani mmoja anaweza kuwa Menches kwenye hati moja na Asclepiades kwenye nyingine. Jina linakupa ofisi aliyokuwa akifanya kazi.

Na kuna dhana upande wa pili: kwamba mama wa Cleopatra VII alitoka kwenye ukoo wa makuhani wakuu wa mungu Ptah huko Memphis. Makuhani hao walikuwa karibu sana na ikulu; Pasherenptah III ndiye aliyemvika taji Ptolemy XII mwaka 76 KK, akiwa kijana wa miaka 14, na jiwe lake la kaburi lipo British Museum. Dhana hiyo inaegemea ukaribu huo na habari ya Plutarch, mwandishi Mgiriki wa baadaye, kwamba Cleopatra alijua Kimisri wakati wafalme waliomtangulia hawakujishughulisha kujifunza. Mimi naipa C, tena C nyepesi. Plutarch huyo huyo anamtajia lugha za Waethiopia, Watroglodyte, Waebrania, Waarabu, Washamu, Wamedi na Waparthi. Kama lugha ni damu, mama zake walikuwa wengi sana.

---

Karani wa Nasaba

Naweka ushahidi wa zamani kuhusu X1 na X2, kila mmoja na tarehe yake.

Ptolemy XII: Cicero, kwenye hotuba ya mwaka 63 KK, wakati mfalme mwenyewe yuko hai, anasema karibu kila mtu anakubali kwamba hana nasaba ya kifalme wala moyo wa kifalme. Ni ushahidi wa wakati wake, lakini ni mwanasiasa wa Roma aliyekuwa akipinga mswada wa ardhi. Pausanias, mwandishi Mgiriki wa karne ya 2 BK, anasema mtoto pekee halali wa Ptolemy IX ni Berenice. Ongeza na jina la utani lililomshika mfalme huyo, mtoto wa nje. Vyanzo hivi vinagusa ndoa ya wazazi tu. Kabila la mama hakuna aliyelitaja.

Cleopatra VII: Strabo, mwanajiografia Mgiriki aliyefika Misri miaka michache tu baada ya kifo cha malkia, anasema Ptolemy XII alikuwa na mabinti watatu na mkubwa peke yake ndiye halali. Huyo mkubwa ni Berenice IV. Sentensi hiyo moja ndiyo inayofungua mlango wa X2. Dhidi yake kuna ukimya wa maadui: Octavian, Mrumi aliyemshinda vitani, na watu wake walimtukana Cleopatra kwa kila neno, ila hawakumwita mtoto wa nje. Ukimya nao ni ushahidi, ila dhaifu. Mimi naandika X2, pembeni nataja Cleopatra V kwa C, basi.

---

Sogdiana

Wadau, kuna watu wa nje waliothibitishwa kwenye mti huu na hakuna anayewapigania. Nao ni Wairani.

Wa kwanza ni Apama, binti wa Spitamenes, kiongozi wa vita wa Sogdiana, nchi iliyo leo Uzbekistan na Tajikistan. Aliolewa na Seleucus, jemadari mwingine wa Alexander, kwenye harusi za pamoja alizoziandaa Alexander mjini Susa mwaka 324 KK. Mtoto wao Antiochus I ni nusu Msogdiana. Binti yake Apama II ni robo. Huyo aliolewa na Magas wa Kurene, wakamzaa Berenice II, ambaye ni 1/8. Watoto wa Berenice II, Ptolemy IV na Arsinoe III, ni 1/16 kila mmoja, na kwa kuwa walioana wao kwa wao, Ptolemy V anabaki 1/16 badala ya kushuka.

Wa pili ni Laodice, mke wa Antiochus III, binti wa Mithridates II wa Ponto. Wafalme wa Ponto walijihesabu Waajemi. Mama wa Laodice alikuwa wa ukoo wa Seleucus. Tukimhesabu Mithridates kuwa Mwajemi kamili kwa urahisi wa hesabu, Laodice ni nusu, Cleopatra I ni robo, Ptolemy VI, VIII na Cleopatra II ni 1/8. Kwa ndoa zile za ndani, 1/8 hiyo inafika kwa Ptolemy IX bila kupungua. Kwa Cleopatra VII inakuwa kati ya 1/8 na 1/32, kutegemea umechagua hali ipi kati ya zile nne za Fundi Takwimu.

Yaani hata mti wa Kigiriki mtupu si wa Kigiriki mtupu. Neno linalokaa vizuri kwenye maelezo ya picha ni Mmakedonia kwa upande wa baba, mwenye mababu wa Kiirani, na bibi mzaa baba ambaye hajatajwa.

---

Kijana wa Uganga

Lakini wakuu, si walipata mifupa ya mdogo wake Cleopatra, Arsinoe IV, pale Efeso, wakapima fuvu wakakuta mama alikuwa Mwafrika? Nilidhani hilo limekwisha.

---

Mpima Mifupa

Limekwisha kweli, ila kwa upande mwingine. Tufuate hatua, maana ni somo zima la jinsi viungo vya C vinavyopangwa mpaka vionekane A.

Arsinoe IV aliuawa Efeso mwaka 41 KK. Kwenye barabara kuu ya Efeso kuna kaburi la pembe nane. Jeneza lake lilifunguliwa mwaka 1929 na fuvu likachukuliwa. Mifupa mingine ilionekana tena mwaka 1982. Hakuna maandishi yenye jina. Miaka ya 1990 ikatolewa hoja kwamba ni Arsinoe: tarehe inakaribiana, umbo la pembe nane linafanana na sehemu ya mnara wa taa wa Pharos, Alexandria, mifupa ni ya kijana, na kuzikwa ndani ya mji ni heshima kubwa. Kila hoja inawezekana. Hakuna hata moja inayotaja jina.

Mwaka 2009 ikarushwa filamu ya televisheni iliyotumia vipimo na picha za zamani za fuvu, kwa kuwa fuvu lenyewe lilidhaniwa limepotea, ikahitimisha kwamba mama wa Arsinoe alikuwa na asili ya Kiafrika. Kisha watu wakarukia kwa Cleopatra, kana kwamba ni lazima walizaliwa na mama mmoja. Hilo nalo halijathibitishwa.

Januari 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna walitoa matokeo ya fuvu lenyewe: kromosomu Y kwenye fuvu na kwenye mfupa wa paja, yaani mvulana, umri miaka 11 hadi 14, alikuwa na kasoro za ukuaji, taya ikiwemo, tarehe kati ya 205 na 36 KK, vinasaba vinaelekea Italia au Sardinia. Si Arsinoe, si binti, wala hakuna kinachomuunganisha na ukoo huo.

Kilichoharibika ni hiki: asili ya mtu mmoja mmoja haisomwi kwa urefu na upana wa fuvu, hasa la mtoto ambaye bado anakua, na zaidi likiwa na ugonjwa uliobadilisha umbo. Pili, utambulisho wa kaburi ulitakiwa kuthibitishwa kabla ya swali la asili kuulizwa. Walianza na swali la pili.

Kaburi la Cleopatra mwenyewe halijapatikana. Mpaka lipatikane, DNA yake haipo kwenye mjadala.

---

Kijana wa Uganga

Shukrani mkuu. Na Tutankhamun kuwa na vinasaba vya Ulaya Magharibi?

---

Mpima Mifupa

Hiyo ya R1b, kundi la kromosomu Y linalorithiwa kwa baba? Ilitangazwa mwaka 2011 na kampuni ya kupima vinasaba iliyosoma namba zilizoonekana kwenye kioo cha kompyuta ndani ya kipindi cha televisheni. Utafiti wenyewe wa mwaka 2010 ulichapisha nasaba ya karibu, kwamba wazazi wake ni yule mwanamume wa kaburi KV55 na yule mwanamke kijana wa KV35, kaka na dada. Kundi la Y halikuchapishwa humo; lilikuja kutajwa kuwa R1b kwenye chapisho la mwaka 2020, lakini R1b peke yake haimaanishi Ulaya Magharibi. Ukiona mtu analitaja, muulize jedwali liko ukurasa gani.

Na utafiti wa mwaka 2017 wa vinasaba vya maiti zilizohifadhiwa za Abusir el-Meleq usitumike kama panga. Ni jenomu 90 za upande wa mama na 3 pana, kutoka eneo moja la kaskazini mwa Misri ya Kati, karibu na Fayum kulikokuwa na walowezi wengi. Hakuna mfalme hata mmoja ndani yake. Unaelezea watu wa pale.

---

Kalamu na Wino

Nauliza kwa kazi: mchoro wa Cleopatra wa kitabu cha shule, ukurasa mzima, rangi. Nichore nini bila kudanganya watoto?

---

Mchonga Nyuso

Anza na sarafu, maana ndiyo picha aliyoiidhinisha mwenyewe na ina jina lake. Shaba za Alexandria zenye herufi za thamani, 40 na 80, na fedha za Ascalon, zinatoa uso wa pembeni: pua iliyopinda kidogo, kidevu kilichotokeza, macho makubwa. Epuka kutegemea sarafu za karibu mwaka 36 KK alizowekwa pamoja na Antony, jemadari wa Roma aliyezaa naye. Pale wachongaji walimfananisha na Antony hadi shingo ikanenepa.

Nywele: mistari iliyosukwa kutoka paji la uso kwenda nyuma, ikikusanywa kuwa fundo kisogoni. Juu yake utepe mweupe wa kitambaa, upana wa vidole viwili hivi, uliofungwa nyuma na ncha kuning'inia. Huo utepe ndio alama ya mfalme wa Kimakedonia. Vichwa vya marumaru vya Berlin na Vatican vinavyohusishwa naye vina vyote viwili. Cha Vatican pua imevunjika, kwa hiyo pua usiichukue pale.

Wigi jeusi lililokatwa paji zima na nyoka wa dhahabu ni mazoea ya sinema. Mavazi ya mungu Isis na taji la pembe za ng'ombe ni ya ukuta wa hekalu la Dendera. Hapo alichorwa kama walivyochorwa malkia wa miaka elfu moja kabla yake, sura ni ya kanuni. Ukitaka kumchora hivyo, mchore akiwa kwenye sherehe, na useme.

Rangi ya ngozi: sarafu haina, marumaru imepoteza rangi yake. Hakuna chanzo cha wakati wake kinachoitaja. Chagua rangi ya mtu wa mashariki ya Bahari ya Kati, kuanzia maji ya kunde iliyopauka hadi kahawia ya wastani, kisha chini ya mchoro andika sentensi mbili: uso umefuata sarafu zake, rangi ya ngozi ni makadirio ya mchoraji. Filamu ya kubuni ina uhuru wake, muigizaji awe yeyote. Kitabu cha shule na filamu inayojiita ya ukweli ndivyo vyenye deni la sentensi hizo mbili.

---

Napata wa Juu

Naomba tusiishie kwa Cleopatra, maana wenye haki ya kulalamika kuhusu nasaba kupotoshwa ni wafalme wa Kush. Kashta, Piye, Shabaka, Shebitku, Taharqa, Tantamani: hawa walitoka Napata, Sudan ya leo, wakaitawala Misri karne ya 8 na ya 7 KK. Kwao ushahidi wa asili ni mkubwa kuliko wa Cleopatra, na bado ulipotoshwa.

George Reisner, mwanaakiolojia aliyechimba piramidi za Nuri na El-Kurru kati ya 1916 na 1919, alijenga hoja kwamba ukoo huu chanzo chake ni Walibya. Ushahidi wake ulikuwa mwembamba. Dhana ya zama zake kwamba utawala mkubwa lazima uletwe na watu weupe kutoka nje ndiyo iliyojaza pengo. Makaburi ya El-Kurru yanaonyesha kukua pale pale, kutoka vichuguu vya udongo vya asili ya Kinubi hadi piramidi.

Kwa mchoraji: Taharqa ana vyanzo vyema. Kuna simba mwenye uso wake kutoka Kawa, sasa British Museum, na sanamu zilizofukuliwa Kerma mwaka 2003, saba za wafalme watano, zilizovunjwa wakati jeshi la farao Psamtik II lilipovamia mwaka 593 KK. Alama za Kikush ni kofia inayobana kichwa, nyoka wawili kwenye paji badala ya mmoja, na hirizi za kichwa cha kondoo dume shingoni. Kosa la kawaida ni kumpa nyoka mmoja na kilemba cha mistari cha Tutankhamun. Sura: uso mpana, midomo minene, shingo nene. Hapa kumpaka rangi ya Mgiriki ni kuukataa ushahidi.

Nasaba yao pia ina mtego wake: usifuate baba peke yake. Jiwe la mfalme Aspelta wa Kush la kuchaguliwa kwake linaorodhesha mababu wa kike vizazi saba, ingawa majina yamefutwa kwa patasi. Mama wa Taharqa, Abar, alisafiri kutoka Kush kwenda kumwona mwanawe akiwa mfalme, na safari hiyo imeandikwa kwenye jiwe la Kawa. Mti wa Kush usio na safu ya mama umekatwa nusu. Kisha mpangilio: siku hizi wengi wanamtanguliza Shebitku mbele ya Shabaka, vitabu vya zamani vimegeuza.

---

Kijana wa Uganga

Na zile sanamu nyeusi tii za mafarao? Mentuhotep II je?

---

Napata wa Juu

Ile ya Mentuhotep II ngozi ni nyeusi kwa sababu amefanywa Osiris, mungu wa wafu. Weusi ni udongo wa Nile na kufufuka. Malkia Ahmose-Nefertari wakati mwingine kapakwa mweusi, wakati mwingine rangi nyingine, tena karne kadhaa baada ya kufa, akiabudiwa na mafundi wa makaburi wa kijiji cha Deir el-Medina. Kwa upande mwingine, kwenye kaburi la Tantamani huko El-Kurru, mfalme wa Kush ndani ya nchi ya Kush kapakwa kahawia nyekundu, rangi ya kawaida ya wanaume katika sanaa ya Misri. Rangi ya ukutani haikusaidii kwa upande wowote. Umbo la uso na vazi vinasaidia zaidi.

---

Pwani Kusini

Alama za A, B, C zinafaa kwa Kilwa pia. Tarikh ya Kilwa, habari za masultani wa mji huo, inamtaja Ali bin al-Hasan kutoka Shiraz, na toleo la Mreno João de Barros la mwaka 1552 linatofautiana na la Kiarabu kwenye majina na miaka. Hiyo ni A2 iliyochanganyika na B. Jina Ali bin al-Hasan lipo kwenye sarafu, zikiwemo za hazina iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984. Sarafu hizo zinamsogeza hadi karne ya 11, si ya 10 kama Tarikh inavyosomwa.

Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2023, watu 80 kutoka makaburi ya pwani kama Manda, Mtwapa, Songo Mnara na Kilwa, na mji mmoja wa bara, ulikuta wengi wana mama wa Kiafrika na baba wa Kiasia, hasa Waajemi, mchanganyiko ukianza karibu mwaka 1000. Watu wakaandika "masultani walikuwa Waajemi". Makaburi yaliyopimwa hayana jina la sultani. Na ukoo wa Mahdali ulioshika Kilwa mwishoni mwa karne ya 13 ulijinasibisha na Yemen. Sultani aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331 ni wa ukoo huo, basi ukimchora kama Mshirazi umechanganya milango miwili.

---

Fundi Takwimu

Swali la mwisho kwa Karani: Caesarion na watoto wengine wa Cleopatra VII wanaingizwaje?

---

Karani wa Nasaba

Caesarion, aliyezaliwa mwaka 47 KK: mama A. Baba weka B yenye alama ya mgogoro, kwa sababu Antony aliliambia baraza la Roma kwamba Caesar alimkubali, na Gaius Oppius, rafiki wa Caesar, akaandika kijitabu kukanusha.

Cleopatra Selene, binti wa Antony: wazazi wote A. Aliolewa na Juba II wa Mauretania, mfalme wa ukoo wa Numidia. Mtoto wao Ptolemy wa Mauretania aliuawa na Caligula, kaisari wa Roma, mwaka 40 BK. Huyo ndiye wa kwanza kwenye mti mzima mwenye baba Mwafrika kwa ushahidi wa A bila X yoyote kwenye safu ya baba. Kwenye mti aingie kwa namba mpya, asipewe XVI, hakutawala Misri.